Kushoto kwa Mwosha Mashine

Jumatatu, 3 Juni

Shemeji anakuja. Nimeliandika hilo juu kabisa ili nisijifanye nimesahau.

Mke wangu alipiga simu mchana nikiwa nimeshika mpira wa maji. Akauliza hizo kelele ni za nini. Nikasema ni kelele za ufundi. Akasema vizuri, kwa sababu kaka yake mkubwa, yule dereva wa lori, atapita huku Jumamosi na mzigo wa saruji, na amemwomba asimame anione kazini. Anione kwa macho yake! Nikacheka ha ha, nikasema karibu sana.

Mambo yenyewe ni haya. Hapa ni yadi ya pikipiki za magurudumu manne. Sisi tunaziita miguu minne. Nyingi ni za kukodisha, ila moja, namba tatu, ni ya mashindano ya uwanja wa vumbi. Nyumbani wanajua mimi ndiye fundi mkuu. Fundi mkuu ni mzee mmoja tunayemwita Spana. Mimi naziosha. Huu mwaka wa tatu naziosha.

Uongo niliuanza mdogo tu. Nilisema niko upande wa ufundi, na hilo si uongo, kwa sababu bomba la maji liko upande wa ufundi. Kisha ukaendelea kukua bila hata kulishwa. Sasa binti yangu mkubwa ameitangazia shule nzima kwamba baba yake anatengeneza mashine zinazoruka hewani.

Kilichonichoma ni maneno ya mwisho ya mke wangu. Aliyasema taratibu, bila ugomvi. "Baba watoto, kama hili la ufundi ni uongo, basi nitajua na lile la kurudi Desemba ni uongo vilevile." Nikamwambia mtandao unakatika. Haukuwa unakatika.

Siku tano.


Jumanne, 4 Juni

Bahati! Jino la Spana limevimba. Shavu kama limeficha kitunguu. Amekwenda kwa daktari wa meno mji wa pili, atarudi Ijumaa. Namwombea apone, ila asipone haraka.

Asubuhi Madamu, mwenye yadi, akatukusanya. Akasema mashindano ni Jumamosi, chasisi ya namba tatu imerudi kutoka kuchomelewa na haina hata mguu mmoja, nani amewahi kumwangalia Spana akiifunga? Mkono wangu ukapanda kabla sijaushauri. Madamu akaniangalia kama mtu anayenusa maziwa ya jana. Wewe? Nikasema nimemwangalia miaka mitatu. Hiyo ni kweli tupu. Nilikuwa namwangalia huku nimeshika brashi.

Mpishi wa yadi, ambaye kazi yake ya pili ni kutafuta makosa ya wenzake, akasema hata yeye anaangalia ndege zikipita kila siku lakini bado hajapewa moja airushe. Watu wakacheka. Madamu hakucheka. Akasema sawa, nijaribu, lakini nikikwama nimwambie mapema, yeye hapendi kushtukizwa.

"Ukikwama, sema. Umenisikia?"

Nikasema nimesikia.

Shemeji atanikuta na spana mkononi! Basi hautakuwa uongo tena. Utakuwa ukweli uliochelewa njiani.


Jumatano, 5 Juni

Daftari la Spana linaning'inia kwenye msumari nyuma ya mlango wa stoo. Nimelisoma. Si wizi, nimelisomea palepale chini ya msumari.

Nilivyoelewa ni hivi. Uwanja ni duara, na mashine zinauzunguka kwa kukata kushoto tu. Kushoto, kushoto, kushoto, mizunguko kumi. Kwa hiyo haifungwi sawa pande zote. Upande wa kushoto unalazwa chini, springi zake laini. Upande wa kulia unainuliwa, springi zake ngumu, na tairi la nyuma la kulia ni kubwa kidogo kuliko mwenzake. Ikisimama bure inaonekana kama mtu aliyebeba ndoo kwa mkono mmoja. Ikiingia kwenye kona, mzigo unahamia kulia, inakaa sawa, haipinduki. Na mimi nimeiosha miaka mitatu nikidhani imechoka!

Halafu kuna shokomzoba, zile nguzo za kumeza mitikisiko. Kila moja ina kifundo kidogo cha kuzungusha, na kila ukizungusha kinalia "ka!". Spana ameandika kushoto ka nane, kulia ka kumi na nne. Hapo ndipo nilipoipenda kazi hii. Hakuna desimali. Mimi shule niliiacha kwenye desimali, darasa la sita. Mwalimu alipoanza kutia nukta katikati ya namba nzima isiyo na kosa, nikaona sasa hawa watu wanatafuta ugomvi.

Kazi nimeianza. Nilisimama mbele ya mashine, pale ninaposimama siku zote nikisugua taa, nikanyoosha mikono yote miwili kama mtu anayekaribisha wageni: huku kushoto, huku kulia. Nikachora kwa chaki sakafuni nisije nikachanganya. Kushoto samaki, kulia nyota. Kichwa kinafanya kazi!

Mpishi akapita na miguu minne yake ya kubebea maji, ile kuukuu yenye madumu mawili nyuma, ambayo haijawahi kufungwa wala kufunguliwa tangu inunuliwe. Akaangalia michoro yangu akauliza kama leo tunakula samaki. Mafundi hatujibu kila mtu.


Alhamisi, 6 Juni

Miguu yote minne imefungwa. Springi moja iliniponyoka ikaruka mpaka juu ya bati la choo. Niliifuata kwa ngazi. Hakuna aliyeona isipokuwa aliyekuwa chooni.

Mchana alikuja Dereva wetu wa mashindano. Ni mama mmoja mnene, mpole, siku za kazi anashona mapazia. Ukimwona na kofia ngumu kichwani huwezi kuamini ni mtu yuleyule, anakanyaga mafuta kama anafukuzwa. Daftari linasema mashine ipimwe dereva akiwa amekaa juu yake, ili ijulikane inashuka kiasi gani. Futi sikuipata, nikapima kwa shubiri. Vidole vyangu ni virefu, lakini nilivikunja kidogo.

Dereva akajitikisa, akajitikisa tena. Akasema ajabu, anahisi kama anateremkia upande usio wake. Nikamwambia huo ndio ufundi wenyewe. Akasema haya, yeye anajua mapazia na anajua mafuta, yaliyo katikati ni yangu.

Madamu akapita akauliza kama nimekwama. Nikasema sijakwama. Akasema kuna yadi moja imejitoa, na bila mashine sita hakuna mashindano, kwa hiyo Mpishi ataingia na miguu minne yake ya maji kujaza idadi. Mpishi akapiga saluti na mwiko.

Ovaroli ya Spana imeanikwa kwenye kamba. Imeandikwa FUNDI MKUU mgongoni kwa uzi mwekundu. Naiangalia tu. Kuangalia si kosa.


Ijumaa, 7 Juni

Nimekwisha.

Waosha mashine haturuhusiwi kukaa juu ya namba tatu. Miaka mitatu sijawahi. Leo nikajiambia, fundi asiyekaa juu ya kazi yake ni fundi gani? Nikapanda. Nikashika usukani. Nikafumba macho nijione Shemeji ananitazama kwa heshima.

Nikafumbua. Mkono wangu wa kushoto ulikuwa umeelekea nyota.

Nikashuka. Nikasimama mbele. Samaki kushoto, sawasawa. Nikapanda. Samaki kulia! Nikashuka, nikapanda, nikashuka, jasho likanitoka mpaka kwenye magoti. Dereva hakai mbele ya mashine akiitazama usoni kama anayeiosha. Dereva anakaa juu yake! Kushoto kwangu ni kushoto kwa mwenye ndoo. Nimetengeneza mashine bora kabisa ya kukata kulia, na uwanja mzima hauna kona hata moja ya kulia.

Kuibadilisha inataka kibano cha kubana springi. Kibano nilikirudisha stoo jana, na stoo imefungwa. Ufunguo wa stoo anao Madamu, na Madamu yuko mjini mpaka usiku kuandikisha mashine. Simu yake ninayo. Nilikaa na simu mkononi nikifanya mazoezi ya kusema: Madamu, nimekwama. Maneno mawili tu. Nikafanya mazoezi mara saba. Halafu nikamwona Shemeji kichwani, ananitazama, anatoa simu yake, anampigia dada yake.

Simu nikairudisha mfukoni. Wazo likaja. Kama mashine haigeuki, si ugeuzwe uwanja?

Nikaenda mbio kwa Mzee wa Bendera, msimamizi wa mashindano. Neno lake uwanjani halipingwi hata na mvua. Nilimkuta anafuta kiti chake. Nikamwambia kwa huzuni, mzee wangu, sisi tunakuonea huruma. Akauliza kwa nini. Nikasema mashine zikizunguka kushoto, zinatoka kwenye kona ile pale zikitimua vumbi lote moja kwa moja mpaka kwenye kiti hiki. Zikizunguka kulia, vumbi linakwenda shambani. Akakohoa. Akaangalia kiti. Akaangalia shamba. Akasema miaka kumi na mmoja anakohoa na hakuna hata mtu mmoja aliyewahi kumfikiria. Machozi yalimlengalenga. Nikajisikia vibaya kidogo, halafu vizuri sana.

Alisema atatangaza kesho mashine zikishapangwa kwenye mstari, ili watu wasipate muda wa kubisha.

Jioni jua likiwa bado lipo, Spana akarudi. Shavu limepungua, sasa ni kama limeficha karanga. Akaizunguka namba tatu mara moja, mikono nyuma. Akasimama juu ya samaki. Akauliza nani kachora. Nikasema ni mapambo. Akanitazama kwa muda mrefu, akauliza kama nina jambo la kumwambia.

Nikamwambia pole na jino.


Jumamosi, 8 Juni

Naandika vidole vikiwa bado vimelowa.

Asubuhi nilivaa ovaroli ya Spana. Nilipanga kumwambia kwamba nimeichukua kimakosa. Ni ndefu, nikakunja miguu mara tatu. Nikatokea getini, na nani anashuka kwenye lori? Shemeji. Mkubwa kama mlango, suruali nyeupe kwa saruji. Akanizungusha akasoma mgongo wangu kwa sauti, herufi moja moja. Akasema, "Haya, Shemeji! Kumbe!" Hiyo kumbe sikujua inaelekea wapi.

Spana akatoka kibandani akiwa na fulana tu. Akaniona. Akaiona ovaroli yake. Spana akasema: "Fundi mkuu, habari za asubuhi. Naomba spana namba kumi na tatu."

Nilimpa ya kumi na nne. Akaipokea kwa mikono miwili, akasema ahsante sana fundi, akaiweka mfukoni, akaondoka. Shemeji akauliza huyo mzee ni nani. Nikasema msaidizi. Ardhi haikupasuka.

Saa nane mchana mashine sita zikapangwa kwenye mstari. Ya mwisho ya Mpishi, madumu bado yamefungwa nyuma, anasema bila madumu haijui njia. Mzee wa Bendera akapanda juu ya kiti akatangaza: leo tunazunguka kulia. Zogo! Mafundi wa yadi nyingine wakatupa kofia chini. Mmoja akauliza mzee amekula nini asubuhi. Mzee akasema mwenye kubisha aje akae kwenye kiti hiki aone. Nilikuwa natabasamu mpaka masikio yananiuma. Mashine moja tu uwanjani imefungwa kwa ajili ya kulia, na aliyeifunga ni mimi!

Nikasikia mtu anavuta pumzi karibu yangu. Ni Spana, amejishika shavu.

Akaninong'oneza kwamba alfajiri ameamka akaibadilisha yote. Springi, shokomzoba, tairi, kila kitu, muda wa saa mbili na nusu chini ya mashine huku fizi inamwuma. Alikuwa amesikia kwa Mpishi kwamba shemeji yangu anakuja, hakutaka niaibike mbele yake. "Hata mimi mke wangu ana kaka," akasema.

Bendera ikashuka.

Kona ya kwanza. Sijui nieleze vipi. Mashine tano zilizolala kushoto ziliambiwa zikate kulia. Moja ikaenda moja kwa moja shambani na dereva wake akaendelea kupunga mkono wa kugeuka. Mbili zikakumbatiana. Moja ikakaa juu ya tairi mbili, ikafikiri, ikalala. Namba tatu yetu ikajaribu kwa moyo wote, ikafika kona ya pili, kisha nyuma ikatangulia mbele ikaingia kwenye marobota ya majani makavu. Nilikimbia huku miguu ya ovaroli inajikunjua. Dereva nilimkuta amekaa juu ya robota, mzima, hana mkwaruzo. Akavua kofia, akaniambia yale ya katikati niyaangalie tena.

Hakuna aliyeumia. Naliandika hilo kwa sababu lilikuwa la kwanza kuniogopesha na ndilo ninaloliogopa mpaka sasa.

Uwanjani ikabaki mashine moja. Ile isiyowahi kuguswa, iliyo sawa pande zote kama meza. Mpishi akazunguka mizunguko kumi peke yake, mwendo wa kwenda kuchota maji, madumu yakigongana, akimpungia mkono kila mtu kila mzunguko. Mzunguko wa saba alisimama kuuliza kama kuna mtu ana kiu. Kikombe ni chake.

Madamu akauliza nani aliyeugeuza uwanja. Mzee wa Bendera, kwa moyo mweupe kabisa, akanyoosha kidole. "Fundi wako mkuu huyu. Kijana mwenye utu."

Madamu akaisoma ovaroli. Akanitazama usoni. Hakupiga kelele, afadhali angepiga. Akauliza aliniambia nini Jumanne. Nikasema aliniambia nikikwama niseme. Akasema basi, mashine sita zimejaa vumbi, mpira wa maji ninajua ulipo.

Mbele ya Shemeji.

Niliosha nimeinamisha kichwa. Nikaona buti za saruji zimesimama kando, kisha Shemeji akachutama akachukua brashi ya pili akaanza kusugua ringi. Tulipofika ya nne akasema alijua tangu getini, aliponipa mkono. Vidole vyangu vimejikunja kwa maji, vyeupe kwenye ncha, na chini ya kucha hakuna grisi hata chembe. Fundi gani ana kucha safi kuliko daktari?

Nikamuuliza atamwambiaje dada yake. Akasema atamwambia nimekonda. Yaliyobaki nimwambie mwenyewe.

Halafu akasema naosha vizuri. Nikamsogezea ndoo.


Jumapili, 9 Juni

Nimempigia. Nimekaa juu ya ndoo iliyogeuzwa, nyuma ya stoo, mahali ambapo mtandao haukatiki. Makusudi.

Mke wangu akasema kaka yake amefika salama na amesema nimekonda. Nikasikia watoto nyuma. Mdogo nilimwacha anatambaa, sasa anagombania kikombe. Nikasema nina jambo. Akasema anasikiliza.

Nikasema: mimi si fundi. Mimi ni mwosha mashine.

Nikasema moyoni, sasa ndiyo basi.

Akasema anajua. Anajua tangu ile picha ya kwanza niliyotuma, nimesimama karibu na mashine, ndoo mkononi na povu mpaka kwenye kiwiko. Miaka miwili na nusu alikuwa anangoja niseme mwenyewe. Akasema ahsante. Akasema kuosha si aibu, kilichokuwa kinamnyima raha ni kutojua lipi langu la kuamini, na kwa kuwa nimesema hili, basi na Desemba anaiamini. Sauti yake ilikuwa ya zamani, ile ya kabla sijaondoka. Nilijisikia mwepesi, ningeweza kupanda juu ya bati bila ngazi.

Hapo ndipo nilipotakiwa kukata simu.

Lakini kulikuwa na ukimya kidogo, ukimya mzuri tu, na mimi sijui kukaa na ukimya. Nikajisikia nikisema: "Ila ni mwosha mashine mkuu."

Akauliza mkuu vipi. Nikasema nina watu chini yangu. Akauliza wangapi.

Nikasema wanne.

Mke wangu akavuta pumzi ndefu. Akasema vizuri sana. Akasema shule zinafungwa mwisho wa mwezi, kaka yake anarudi njia hii hii na lori lina nafasi. Atakuja na watoto. Wangependa kuwasalimia hao wanne.


Jumatatu, 10 Juni

Wanakuja! Miaka mitatu! Nimeosha mpaka zile mashine ambazo hazikuchafuka.

Siku ishirini. Watu wanne. Mpishi amekataa, anasema bingwa haoshi. Dereva atakuja siku moja ikiwa nitamshikia mapazia. Mzee wa Bendera amekubali kabla sijamaliza kueleza, ananiita mwanangu siku hizi, ila anataka aoshe akiwa amekaa kwenye kiti chake. Spana amefikiri sana, amejishika shavu, akasema atashika brashi nusu saa, kwa sharti nimrudishie ovaroli na nimwite "kijana" mara moja tu, si zaidi.

Watatu hao. Wa nne namfikiria Madamu, lakini atahitaji kuvaa kofia asionekane ni mwenye yadi.

Nimeanza kuchora ratiba sakafuni kwa chaki. Madamu amepita sasa hivi, akaitazama, akaniuliza kama nimekwama.

Nimemwambia sijakwama hata kidogo.